Nyumba, Kalamu na Mlango: Uhakiki wa Nyumba Moja ya Washington kwa Wasomaji wa Karatu na Ngorongoro

Utangulizi

Kanisa letu linajua kuheshimu majengo. Mgeni anayefika katika usharika wa zamani kaskazini mwa Tanzania huonyeshwa kanisa la kwanza la mawe, nyumba ya mmisionari, na kengele iliyovuka bahari. Nje ya Kanisa nako heshima ya mahali ni kubwa. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979 kwa ajili ya maumbile yake, na mwaka 2010 likaongezewa hadhi kwa ajili ya utamaduni, maana Olduvai na nyayo za Laetoli ni kumbukumbu ya wanadamu wote. Watu wa Karatu, wanaowapokea wageni kabla hawajapanda kwenda kwenye lango la hifadhi, wanafahamu vema kwamba mahali penye historia ni mali. Hata hivyo liko swali ambalo haliulizwi mara nyingi: mahali hukumbukwa kwa sababu ya mawe yake, au kwa sababu ya neno lililotoka ndani yake?

Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kuihakiki nyumba moja ndogo iliyo mbali nasi. Wanawake walioishi humo walikuwa wanawake wapendao wanawake, na walilitangaza jambo hilo kwa maandishi. Tunafahamu kwamba kwa wasomaji wengi wa jarida hili mfano huu ni mgumu. Tunafahamu pia kwamba Tamko la Bukoba la mwaka 2004 na Tamko la Dodoma la mwaka 2010 yameeleza msimamo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania kuhusu ndoa. Hatukusudii kuyafungua upya matamko hayo hapa. Tunachokihakiki ni jambo linalotangulia kila tamko, yaani namna tunavyosema habari za watu ambao hatujawasikia. Jambo hilo halimo katika mlango wa ndoa. Limo katika amri ya nane.

Neno moja juu ya lugha latupasa kabla ya kuendelea. Mtaani lipo jina la kuwaita wanawake hao, nalo lina dharau ndani yake; hatutalitumia. Neno lililo maarufu zaidi katika mijadala yetu, “ushoga”, lina historia ya kushangaza. Kwa wanawake wa pwani, shoga ni rafiki wa kike, mwandani wa kushirikiana naye siri na shida. Neno la urafiki wa wanawake limechukuliwa likafanywa shutuma dhidi ya wanaume, na wanawake wenyewe wametoweka katika mjadala. Sikiliza mahubiri na hotuba za miaka hii: karibu zote zinazungumzia wanaume. Wanawake hutajwa mwishoni, kama watajwa.

1. Nyumba ya Mtaa wa 11

Nyumba tunayoizungumzia ni nambari 219, Mtaa wa 11, upande wa kusini-mashariki wa jiji la Washington, si mbali na Bunge la Marekani. Ni nyumba ya matofali ya mwanzoni mwa karne ya 20, iliyobanana ukuta kwa ukuta na nyumba za jirani. Hakuna cha ajabu katika ujenzi wake. Hakuzaliwa humo rais, wala hakuna mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi humo.

Mwaka 1971 wanawake 12, wote wakiwa bado vijana, walianzisha jumuiya iliyojiita The Furies, jina la miungu wa kike wa kisasi katika hadithi za Kiyunani. Walikuwa wametoka katika harakati za kupinga vita vya Vietnam na harakati za ukombozi wa wanawake, na katika zote mbili walijiona wageni. Katika harakati za kupinga vita walitumwa kupika chai na kupiga taipureta wakati wanaume wakihutubia. Katika harakati za wanawake waliombwa wanyamaze, wasije wakaliaibisha kundi zima. Ndipo wakaamua kuwa na nyumba yao. Walichanga mapato yao katika mfuko mmoja, wakagawana kazi za nyumbani, wakajifunza ufundi ambao wanawake wa wakati huo hawakufundishwa, na Januari 1972 wakatoa toleo la kwanza la gazeti lililoitwa kwa jina la jumuiya. Kurasa zake zilipangwa katika chumba cha chini cha nyumba hiyo.

Mmoja wao, Charlotte Bunch, anastahili kutajwa kwa namna ya pekee katika jarida la chuo cha theolojia. Alikuwa binti wa Kimethodisti kutoka New Mexico, aliyefikia kuwa rais wa kwanza wa kitaifa wa University Christian Movement, umoja wa Wakristo wa vyuo vikuu vya Marekani katika miaka ya 1960. Hakuokotwa nje ya Kanisa. Alilelewa ndani yake, akafundishwa humo kusoma, kuongoza mkutano na kuandika waraka. Insha yake katika toleo la kwanza ilijenga hoja kwamba mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke si jambo la faragha tu, bali yanagusa mamlaka: nani anamtegemea nani, na nani anamilikiwa na nani. Mtu aweza kuikataa hoja hiyo. Hawezi kusema kwamba haikufikiriwa.

Mwaka 2016 nyumba hiyo iliandikwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya mahali pa kihistoria, ikiwa ya kwanza kuingizwa humo kwa ajili ya historia ya wanawake wapendao wanawake. Waliofanya uamuzi huo hawakuvutiwa na matofali. Walivutiwa na gazeti. Jibu la kwanza kwa swali letu ni hilo: nyumba ya kupanga, isiyo na thamani kwa fundi mwashi, imekuwa kumbukumbu ya taifa kwa sababu ya karatasi zilizotoka katika chumba chake cha chini.

2. Mlango uliofungwa mno

Uhakiki si sifa. Nyumba hiyo ilikuwa na kasoro, na kubwa kati ya hizo ilikuwa mlango wake.

Wanawake wa The Furies waliamini kwamba hapana budi kujitenga kabisa ili kupata nguvu: kujitenga na wanaume, na pia na wanawake ambao hawakukubaliana nao. Wote 12 walikuwa wazungu, katika jiji ambalo mwaka 1970 wakazi wake zaidi ya 7 katika kila 10 walikuwa watu weusi. Waliandika mengi, tena kwa ukali wa kweli, juu ya matabaka ya wenye nacho na wasio nacho. Lakini jirani zao weusi hawakuingia katika nyumba hiyo kuandika. Baada ya muda mfupi ukali uligeukia ndani. Mwandishi wao mashuhuri, Rita Mae Brown, alitolewa katika jumuiya, na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1972 jumuiya yenyewe ikavunjika. Nyumba iliyokusudiwa kuibadili dunia haikudumu hata mwaka mmoja na nusu.

Msomaji wa historia ya Kanisa hatashangaa. Tumeyaona hayo katika madhehebu mengi yaliyotafuta kusanyiko la watu safi: kila anayebaki humpima aliyebaki naye, mpaka pasiwe na mtu wa kupimwa. Usafi wa kundi ni njaa isiyoshiba.

Lakini tazama jambo la pili. Gazeti liliendelea hadi mwaka 1973, baada ya nyumba kuvunjika. Waliokuwa wakazi wake wakasambaa na ufundi wao. Ginny Berson na Jennifer Woodul walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Olivia Records, kampuni ya wanawake ya kurekodi muziki. Coletta Reid alifanya kazi katika Diana Press, kiwanda cha uchapaji cha wanawake kule Baltimore. Helaine Harris alishiriki kuanzisha shirika la kusambaza vitabu vya wanawake. Joan E. Biren akawa mpiga picha, na mwaka 1979 akatoa kitabu cha picha za wanawake wapendao wanawake, wakiwa kazini na nyumbani, nyuso zao wazi. Charlotte Bunch alishiriki kuanzisha jarida la nadharia liitwalo Quest. Mlango uliwashinda, kalamu haikuwashinda.

3. Kutoka chumba cha chini hadi uwanja wa Nairobi

Msomaji atauliza: mambo ya Washington yana uhusiano gani na Afrika Mashariki? Yana uhusiano wa moja kwa moja, na njia yake yapita Nairobi.

Mwezi Julai 1985 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa dunia wa wanawake katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, ukiongozwa na Margaret Kenyatta. Siku chache kabla yake kulifunguliwa kongamano la mashirika yasiyo ya kiserikali katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambapo wanawake zaidi ya 13,000 walikusanyika. Chuo hicho, kilichofunguliwa mwaka 1956 kikiitwa Royal Technical College, kiliwahi kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Ni jengo letu sote kwa historia. Mwenyekiti wa kongamano alikuwa Nita Barrow wa Barbados, aliyekuwa mmoja wa marais wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni na aliyewahi kuongoza shirika la kimataifa la YWCA. Kwa hiyo aliyesimamia mlango wa kongamano hilo alikuwa mwanamke wa Kanisa.

Charlotte Bunch alikuwapo. Lakini hakuwa tena mwanamke wa nyumba iliyofungwa. Katika nyasi za uwanja wa chuo, wanawake wapendao wanawake kutoka nchi nyingi walikaa mchana mchana, wakijibu maswali ya yeyote aliyepita. Waafrika wengi waliuliza, wengine kwa hasira, wengine kwa mshangao, wengine kwa sauti ya chini baada ya rafiki zao kuondoka. Wanawake wa nchi za dunia ya tatu nao walitoa taarifa yao kwa waandishi wa habari, wakieleza kwamba ikiwa mambo haya yaonekana kuwa ya wazungu tu, ni kwa kuwa wanawake wa nchi maskini wana vizuizi vingi zaidi vya kuonekana. Kongamano lilikuwa na gazeti lake la kila siku, na habari zikasafiri.

Tunaona hapo tofauti ambayo ni kiini cha uhakiki wetu. Nyumba ya Washington ilikuwa na kalamu, ikakosa mlango. Uwanja wa Nairobi ulikuwa na mlango kwa maana haukuwa na ukuta. Kule watu wa nia moja waliandika wasomwe na wa nia moja. Huku mtu aliweza kuuliza swali la kipumbavu na kujibiwa na mwenye habari. Kama mahali pangekumbukwa kwa neno lililosemwa hapo, nyasi zile zingewekewa kibao.

Kalamu nayo haikukosekana baadaye katika ukanda wetu, ila ilikuja kwa gharama kubwa. Mwaka 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu likiwatuhumu, na kutaka wanyongwe. Watatu kati ya waliotajwa, yaani Kasha Jacqueline Nabagesera, David Kato na Pepe Julian Onziema, walilishtaki, na Mahakama Kuu ikaamuru walipwe fidia. Januari 2011 David Kato aliuawa nyumbani kwake. Kwenye mazishi mhubiri aliitumia nafasi yake kulaani, hata waombolezaji wakamnyang’anya kipaza sauti. Ni Askofu mstaafu Christopher Senyonjo wa Kanisa la Anglikana aliyeongoza maombi kaburini. Nabagesera, ambaye mwaka 2003 alishiriki kuanzisha chama cha wanawake kiitwacho Freedom and Roam Uganda, alijibu kwa kalamu: mwishoni mwa mwaka 2014 likatoka jarida la Bombastic, ambamo watu walisimulia maisha yao kwa maneno yao wenyewe, likagawiwa bure.

Hapo tuna machapisho mawili ya mji mmoja. La kwanza liliandika majina ya watu bila ridhaa yao. La pili liliwapa watu hao nafasi ya kuandika wenyewe. Mkristo asiyekubaliana na hoja hata moja ya chapisho la pili bado hawezi kukwepa kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililovunja amri.

4. Sauti ya wanawake na ukimya wake

Hapa Tanzania matunda ya Nairobi yalionekana mapema. Mwaka 1987 kiliundwa Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, na mwaka uliofuata jarida lake, Sauti ya Siti, likaanza kutoka. Jina hilo lilichaguliwa kwa hekima. Siti binti Saad alikuwa mwanamke wa shamba, mfinyanzi wa vyungu, aliyekwenda mjini Zanzibar na kuimba habari za wanyonge, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa huko Bombay. Mwaka 1993 ukaundwa Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP. Mwaka 1995 likasajiliwa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA. Mwaka 1997 Serikali ikalifutia usajili. Kila moja ya hatua hizi ilikuwa na ofisi, dawati, na mashine ya kuchapia. Pasipo chumba hakuna jarida.

Matunda makubwa ya kazi hiyo yalikuwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Wanawake waliipigania kwa miaka mingi, kwa ajili ya watoto waliobakwa na wasichana walioharibiwa maisha, na Kanisa lina kila sababu ya kuwashukuru. Lakini mhakiki asome sheria nzima. Ndani ya sheria hiyo hiyo adhabu ya makosa yaitwayo kinyume cha maumbile ilipandishwa hadi kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Kule Zanzibar, mwaka 2004, mabadiliko ya sheria yaliwataja wanawake waziwazi: kifungo cha hadi miaka 5, au faini ya hadi shilingi 500,000. Hatusemi kwamba wanawake waliopigania sheria ya 1998 ndio walioomba vifungu hivyo. Tunasema kwamba mlango uliofunguliwa kwa binti mmoja ulifungwa kwa binti mwingine siku ile ile, na sauti iliyokuwa imejifunza kupaza haikusikika ikilalamika. Ni ukimya ule ule walioukimbia wanawake wa Washington: nyamaza, usituaibishe.

5. Nyumba zetu na maneno yake

Sasa turudi nyumbani. Husemwa mara kwa mara kwamba nyumba ya wanawake wenyewe, na baraza la wanawake wenyewe, ni mambo ya kigeni. Historia ya Karatu, Ngorongoro na mikoa jirani haiungi mkono kauli hiyo.

Katika boma la Kimasai nyumba hujengwa na mwanamke. Yeye hukata fito, husuka kuta, hukandika kwa udongo na samadi ya ng’ombe. Kila mke ana nyumba yake, na mume ni mgeni humo kwa namna fulani. Miongoni mwa Wadatoga, ambao waliishi Ngorongoro kabla ya Wamasai na ambao leo wako pia katika pande za Ziwa Eyasi wilayani Karatu, lilikuwako baraza la wanawake lenye mamlaka ya kumhukumu mwanamume aliyemkosea mwanamke na kumtoza mifugo. Huko Mara, Wakurya wana desturi iitwayo nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isikose mrithi. Hatuwavishi Wakurya vazi la Washington: desturi hiyo ni ya uzazi na urithi, wala haihesabiwi kuwa ya mapenzi. Lakini yatuonyesha kwamba nyumba yenye wanawake wawili kwa kichwa chake haikuletwa na ndege.

Tatizo la nyumba zetu ni jingine. Hazikuwa na kalamu. Baraza la Wadatoga tunalijua kwa sehemu kubwa kutokana na kitabu cha mwaka 1970 cha mtaalamu wa Kimarekani, George Klima. Lilikaa chini ya mti, likahukumu, likatawanyika. Neno lake likahifadhiwa na mgeni, kwa lugha ya mgeni. Mwaka 2010, wanawake wa Loliondo walipoandamana kurudisha kadi za chama tawala kwa ajili ya ardhi yao, walikuwa wamekwisha kujipanga kwa miaka kupitia Baraza la Wanawake Wafugaji, lililoanzishwa mwaka 1997 katika wilaya ya Ngorongoro. Walijulikana ulimwenguni, lakini sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu yao yaliandikwa na wengine. Na tangu mwaka 2022, familia za Ngorongoro zilipoanza kuhamishiwa Msomera, Handeni, zilikabidhiwa nyumba zilizojengwa na Serikali kwa ramani moja. Mke ambaye kwa desturi alikuwa mjenzi na mwenye nyumba amekuwa mpokeaji wa nyumba. Nani ameandika, kwa mkono wake na kwa lugha yake, maana ya badiliko hilo?

Tunawaweka pamoja wanawake hawa wote kwa makusudi, ingawa hawafanani wala wengi wao wasingependa kuketi meza moja. Msichana wa Karatu anayekataa kuozwa, mke wa Ngorongoro anayehamishwa, na yule binti wa kwaya ambaye moyo wake haukuelekea kwa kijana aliyechaguliwa na wazazi, wote wana hali moja: habari zao husemwa na watu wengine. Wa tatu ana hali mbaya zaidi, kwa kuwa akijisemea, aweza kufungwa.

6. Amri ya nane

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuridhika kuieleza amri ya nane kuwa katazo la uongo. Aliifanya kuwa kazi: yatupasa kumtetea jirani, kumsemea mema, na kuyaelewa mambo yake kwa njia iliyo njema kadiri iwezekanavyo. Hakuweka sharti kwamba kwanza jirani awe mwenye haki. Matengenezo yenyewe yalienea kwa karatasi zilizochapwa, na mapema kabisa mwanamke alikuwamo. Mwaka 1523 Argula von Grumbach aliuandikia Chuo Kikuu cha Ingolstadt akimtetea mwanafunzi aliyelazimishwa kukana mafundisho ya Wittenberg. Barua yake ilichapwa mara nyingi. Wanatheolojia wa chuo hawakumjibu hoja zake; mumewe alipoteza cheo. Sisi tunaojiita warithi wa Matengenezo hatuna budi kujiuliza tunaketi upande gani wa barua ile.

Tunathubutu basi kutoa mapendekezo matatu, kwa unyenyekevu lakini bila kuficha.

La kwanza, vyuo vyetu visome. Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya matamko ya Bukoba na Dodoma asome pia walichoandika wanawake wenyewe, wa Washington, wa Nairobi na wa Kampala, kabla ya kuandika sentensi inayoanza na “hawa wanaamini kwamba”. Kumkanusha mtu ambaye hujamsoma ni ushuhuda wa uongo hata kama hitimisho lako ni sahihi.

La pili, mimbari isitaje watu. Mchungaji ana haki ya kufundisha mafundisho ya Kanisa lake. Hana haki ya kuwaonyesha kwa kidole wanawake wawili wanaopanga chumba kimoja karibu na soko, wala ya kurudia jumapili uvumi aliousikia jumamosi. Kampala imetuonyesha njia hiyo inaishia wapi.

La tatu, na hili ni la Karatu na Ngorongoro hasa, sharika zetu ziwape wanawake chumba na kalamu. Kanisa letu liliwafundisha mama zetu kusoma, na mwaka 1991 likaanza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Limewapa pia idara, sare na vitenge vya maadhimisho. Ni mara chache limewapa ukurasa usiopitiwa kwanza na mwanamume. Chumba kimoja cha usharika, kompyuta moja, mashine moja ya kuchapa, na ahadi kwamba kitakachoandikwa hakitakaguliwa kabla ya kutoka: hayo hayazidi gharama ya mnara wa kengele. Yataandikwa mengi juu ya maji, mahari, ardhi na hospitali. Pengine siku moja litaandikwa jambo tusilolipenda. Hapo ndipo tutakapojua kama tuliwapa kalamu au tuliwakopesha.

Hitimisho

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 12, iko nyumba ya mwanamke, Mariamu mama yake Yohana aitwaye Marko, ambamo wengi walikusanyika kuomba. Petro alipobisha, kijakazi Roda aliitambua sauti yake, akakimbia ndani kutoa habari. Wenye maombi wakamwambia ana wazimu. Aliposisitiza, wakasema aliyeko nje si mtu bali ni malaika wake. Walikuwa watu wema, wakiombea jambo lile lile lililokuwa mlangoni. Kosa lao lilikuwa moja tu: walibishana juu ya aliye nje ni nani badala ya kwenda kufungua.

Nyumba ya Mtaa wa 11 imewekwa katika orodha ya kumbukumbu, nayo haina haja ya sifa zetu. Nyumba zilizo na haja ni zile za sharika zetu, kuanzia Karatu hadi Loliondo, ambamo tunajadiliana kwa bidii juu ya watu waliosimama nje. Luka anaandika kwamba Petro aliendelea kubisha. Hasemi ni kwa muda gani, wala hasemi kama kila abishaye ana uvumilivu wa mtume.